Walimu hawakai shuleni kwako? Anza kuangalia unavyowaajiri, unavyowalipa na unavyowaaga

Shule binafsi nyingi hapa Tanzania zina shida moja ambayo wamiliki wanaisema kwa sauti ya chini, walimu hawakai. Januari unaanza na timu kamili, ukifika mwezi wa nane mwalimu wa fizikia kashaondoka, kidato cha nne wana mtihani wa taifa mwezi wa kumi na moja, na wewe uko kwenye simu kutwa nzima unatafuta mtu wa kuziba pengo. Ukiwauliza wamiliki kwa nini, utasikia "serikali imemwaga ajira" au "vijana wa siku hizi hawana uvumilivu". Hilo la ajira za serikali lina ukweli wake na nitalifikia. Ila nimekaa kwenye utawala wa shule muda wa kutosha kuona kwamba mwalimu anaanza kuondoka kichwani miezi mingi kabla barua haijafika mezani kwako, na kinachomtoa mara nyingi ni mambo ya kawaida kabisa ya ofisi, mkataba, tarehe ya mshahara, zamu, lugha ya mkuu wa shule, vyeti. Mambo ambayo wewe ndo unayaamua.

Hicho kipindi cha kuwaza kuondoka ndo wataalamu wanakiita nia ya kuacha kazi. Mwaka 1977 msomi mmoja wa Marekani, William Mobley, alizipanga hatua zake: mtu haridhiki, anaanza kuwaza kuacha, anapima akiacha atapoteza nini, anatafuta kwingine, analinganisha, halafu ndo anaamua. Ukizitazama hizo hatua unaona katikati kuna nafasi kubwa ya kumrudisha mtu, shida ni kwamba uongozi huwa unashtuka kwenye hatua ya mwisho. Baadaye, 1994, wenzake wawili Thomas Lee na Terence Mitchell wakaongeza jambo ambalo kwa shule naliona ni kweli tupu: kuna watu hawakuwa na mpango wowote wa kuondoka, wakapatwa na tukio moja tu likawabadilisha. Kafokewa mbele ya darasa. Kagundua mgeni aliyekuja juzi analipwa kumzidi. Kafiwa na mzazi akanyimwa ruhusa kwa sababu ni wiki ya mitihani. Jioni hiyohiyo anaanza kuhuisha CV.

Kwa hiyo kazi yako ni mbili, kuondoa yale yanayomchosha mtu kidogokidogo, na kuzuia yale matukio ya siku moja.

Pima kwanza, usikisie

Chukua daftari la walimu la miaka mitatu iliyopita. Andika kila aliyeondoka, alikaa muda gani, alikuwa idara gani, chini ya mkuu gani, aliondoka mwezi gani. Ile asilimia ya jumla ni rahisi: kama Januari ulikuwa na walimu 40, Desemba ukawa na 44, wastani ni 42, walioondoka 9, basi ni kama asilimia 21. Ila asilimia peke yake haikwambii kitu. Kinachosema ni mpangilio. Wakiondoka wengi kabla ya kumaliza mwaka wa kwanza, shida iko kwenye kuajiri na mapokezi, uliwaahidi kitu wakakuta kingine. Wakiondoka waliokaa miaka minne, mitano, hapo angalia mishahara na kupanda ngazi. Wakiondoka idara moja tu, usizunguke, kaa na mkuu wa idara hiyo.

Halafu uliza waliopo. Dodoso fupi tu, maswali matano ya kuweka tiki kuanzia 1 hadi 5: ninawaza kuacha kazi hapa mara kwa mara, mwaka ujao nitatafuta kazi kwingine, ninatendewa haki kwenye malipo, kiongozi wangu ananiheshimu, majukumu niliyonayo ndiyo niliyoambiwa nilipoajiriwa. Hayo mawili ya kwanza yanakuonyesha nia, hayo matatu yanakuonyesha sababu. Sasa hapa kuwa makini sana na usiri, shule yenye walimu 30 ukimuuliza mtu jinsia, somo na miaka aliyokaa umeshamjua kwa jina, kwa hiyo usiulize hayo. Usiulize wala kitu cha kuandika kwa mkono kwa sababu kila mtu anaujua mwandiko wa mwenzake, ndo wanasahihisha pamoja. Karatasi zisikusanywe na mkuu wa shule wala mhasibu, tafuta mtu wa nje, azihesabu yeye akupe majumla tu. Na ukishauliza lazima urudi kwa walimu uwaambie umeona nini na utafanya nini, hata kama ni jambo moja. Ukinyamaza, mwakani wote wataweka tiki kwenye 3 na utakuwa umepoteza karatasi zako.

Sema ukweli wakati wa kuajiri

Mwalimu anakuja kwenye usaili, anafundisha demo, mnampenda, mnamwambia mshahara na kwamba kuna nyumba. Hamumwambii kwamba nyumba ni chumba kimoja wanakaa wawili, kwamba kuna prepu (kusimamia wanafunzi wakijisomea usiku) mara mbili kwa wiki, kwamba Jumamosi kuna masomo ya ziada, kwamba zamu ya bweni inamfikia kila baada ya wiki chache na wakati huo halali vizuri. Mnaogopa atakataa. Ni kweli wapo watakaokataa, na hao ndo walewale ambao wangeondoka mwezi wa nne ukiwa umeshawapa vipindi 28. Afadhali akatae Januari.

Mpeleke akaone chumba. Mpe ratiba halisi ya mwalimu anayemrithi, na hesabu ya wanafunzi kwa darasa. Mwache akae ofisi ya walimu saa nzima bila wewe kuwepo, awaulize wenzake anachotaka. Hii inaitwa kumwonyesha mtu kazi ilivyo, imefanyiwa tafiti nyingi kwa miaka mingi, na inasaidia kupunguza watu wanaoondoka mapema, haifanyi miujiza lakini haikugharimu hata shilingi.

Mkataba na vyeti, hapa ndo shule nyingi zinajichafua

Kuna mtindo wa kumpa mwalimu mkataba wa Januari mpaka Novemba, Desemba hayupo kazini kwa hiyo halipwi, Januari anasaini mwingine. Mmiliki anaona kaokoa mshahara wa mwezi mmoja. Kwanza kisheria haujakaa sawa, Tanzania Bara mkataba wa muda maalumu kwa wataalamu kanuni za 2017 zinataka usipungue miezi 12. Pili, fikiria wewe mwenyewe umemwambia mwalimu wako wa hesabu kwamba kila Novemba hana kazi, halafu unategemea Novemba asitafute kazi. Umemweka sokoni kwa mkono wako! Mwezi mzima yuko nyumbani, sikukuu inakuja, hana hela, akipigiwa simu na shule nyingine kwa nini asiende?

Mpe mkataba wa maandishi wenye cheo chake, majukumu, kituo, saa za kazi, na mshahara, yaani baadhi ya yale maelezo ambayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inayadai, ongeza na namna ya kuuacha, na umpe nakala yake aende nayo nyumbani. (Zanzibar wana sheria yao, kwa hiyo ukiwa na tawi Unguja usibebe mkataba wa Dar ukaupeleka hivihivi.) Kama ni mtu unayemtaka, baada ya mwaka wa kwanza mpe mkataba wa miaka miwili au mitatu au wa kudumu kabisa.

Sasa vyeti. Shule inachukua vyeti halisi vya mwalimu inavifungia kwenye kabati la mkuu, eti ili asitoroke. Naomba niseme wazi, acha kabisa. Unachohitaji ni kuona vyeti halisi siku ya kwanza, kuchukua nakala zilizothibitishwa, na kumrudishia vyake palepale. Mwalimu ambaye vyeti vyake viko kabatini kwako hajisikii amepewa kazi, anajisikia amekamatwa, na akili yake yote inahamia kwenye namna ya kuvitoa. Atakuja na sababu ya mkopo benki, benki inataka kuona cheti, wewe utampa, na hutamuona tena. Na wale waliobaki wamejifunza kitu siku hiyo, wamejifunza ile njia.

Mshahara: tarehe kwanza, kiasi baadaye

Najua wengi wanadhani walimu wanaondoka kwa sababu ya kiasi tu. Kiasi kina uzito wake, mtu ana kodi na watoto. Lakini mwalimu anajua kiasi chake toka siku ya kusaini, kashapanga maisha yake humo. Kinachomvunja ni kutojua kitaingia lini. Mwezi huu tarehe 28, mwezi ujao tarehe 9, mwezi wa tatu "wazazi hawajalipa ada jamani tuvumiliane". Anaanza kukopa kwa jirani, anakopa kwenye simu, anaanza kuchelewa kazini kwa sababu ya nauli, na wewe unamwandikia barua ya onyo kwa kuchelewa.

Chanzo chake ni jinsi ada inavyoingia. Hela inajaa mwanzo wa muhula, inajengwa bweni, inanunuliwa basi, mwezi wa kumi akaunti tupu. Dawa yake ni hesabu ya karatasi moja. Tuseme mishahara kwa mwezi ni milioni 30, kwa mwaka ni milioni 360. Ongeza mchango wa mwajiri kwenye NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, milioni 36, jumla milioni 396. Kama ada inalipwa kwa awamu nne, basi kila awamu milioni 99 zinatoka kwenda akaunti ya pembeni ya mishahara kabla hujanunua tofali hata moja. Akaunti hiyo iwe na saini mbili na moja isiwe ya mmiliki. Wamiliki wengi hawaipendi hiyo saini ya pili, lakini bila hiyo akaunti itakopwa tu mwezi wa tatu.

Na ikitokea kweli hela imekwama, sema mapema. Sio tarehe 30 jioni kwenye grupu la WhatsApp. Sema tarehe 20, uso kwa uso, useme kiasi gani kitalipwa lini na salio lini, halafu itimize hiyo tarehe.

NSSF nayo ni sehemu ya mshahara. Siku hizi mwanachama anaangalia michango yake mwenyewe kwa simu, kwa hiyo unapomkata asilimia 10 kwenye slipu halafu hupeleki, anaona. Hilo ni mojawapo ya yale matukio ya siku moja niliyosema. Akishaona miezi mitano iko wazi, hakuna hotuba ya mkutano wa walimu itakayomrudisha.

Jambo jingine ni ulinganifu. Mwalimu wa baiolojia kakaa miaka sita, anapata laki sita na nusu. Anakuja kijana wa baiolojia pia, mmemhitaji haraka, mnampa laki nane. Mnamwambia asimwambie mtu. Ndani ya wiki mbili ofisi nzima inajua, kwa sababu siku ya mshahara watu wanaongea. Hapo hujampoteza mmoja, umewapoteza wote waliokaa. Tengeneza ngazi ya mishahara, ukurasa mmoja tu: stashahada anaanzia hapa, shahada hapa, kila mwaka wa utumishi unaongeza hiki, ukiwa mkuu wa idara au mwalimu wa taaluma unaongeza hiki. Ibandike ofisini. Sio lazima kuandika nani anapata ngapi, ila kila mtu ajue yuko ngazi ya ngapi na inayofuata inapatikanaje. Na ukilazimika kumlipa mgeni zaidi kwa sababu soko limepanda, pandisha na wa zamani kabla mgeni hajaripoti. Kama bajeti haitoshi kuwapandisha, basi huna uwezo wa kumchukua huyo mgeni kwa bei hiyo.

Zamu, prepu na masomo ya ziada

Kaa na ratiba ya mwalimu mmoja wa shule ya bweni uhesabu naye. Anaingia saa 12:30 asubuhi, anatoka saa 10 jioni, toa saa moja ya kupumzika, ni saa nane na nusu, kwa siku tano ni 42 na nusu. Prepu mara mbili, saa 1 hadi saa 3 usiku, ongeza 4. Jumamosi masomo ya ziada saa 4. Jumla 50 na nusu, na hapo hajasahihisha daftari hata moja wala hajaandika andalio la somo. Sheria inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zinazozidi ni ovataimu na zinalipwa mara moja na nusu, na zisizidi 50 ndani ya wiki nne. Kwenye mfano huu kuna saa 5 na nusu zinazozidi kila wiki, ni saa 22 kwa wiki nne. Kazi ya usiku, kuanzia saa 2 usiku, ina nyongeza yake ya asilimia 5. Walimu wengi hawadai. Kutodai kwao usikuchukulie kama kukubali, wanahesabu, na hesabu yao wanaipeleka kwenye usaili wa shule nyingine.

Kama huwezi kulipa ovataimu basi punguza saa. Ajiri matroni na patroni wa kweli wa mabweni badala ya kumpa mwalimu kazi mbili. Aliyekuwa na prepu jana usiku asipangwe kipindi cha kwanza leo. Na zamu ipangwe kwa muhula mzima ibandikwe, mtu ajue wiki yake ni ipi ili aweze kupanga harusi ya dada yake. Ukiibadilisha ghafla, muulize kwanza. Ni kitu kidogo sana kwako, kwake ndo tofauti ya kuwa mtu na kuwa kifaa.

Hapohapo niseme kuhusu uzazi, maana shule nyingi zinapoteza walimu wazuri wa kike kwa hili. Likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, mapacha 100, na akirudi sheria inamruhusu mpaka saa mbili kwa siku za kwenda kunyonyesha. Ukimpangia mama mwenye mtoto wa miezi minne vipindi vya kwanza na vya mwisho kila siku umeshamwambia aondoke bila kufungua mdomo. Mpange katikati. Mwalimu wa taaluma anaweza kuifanya hiyo kwa dakika kumi akiwa na ratiba mbele yake.

Motisha ya A

Shule nyingi zinalipa mwalimu kiasi fulani kwa kila A ya mtihani wa taifa. Wazo lina nia njema na walimu wanalipenda matokeo yakitoka. Ila angalia linavyofanya kazi kwa ndani. Mwalimu wa Kiswahili anavuna A nyingi, wa hesabu aliyepambana na watoto usiku na mchana anapata chache kwa sababu somo lenyewe ni gumu. Aliyewafundisha kidato cha kwanza mpaka cha tatu akajenga msingi hapati kitu, anapata aliyewapokea kidato cha nne. Hapo majungu yanaanza, watu wanagombania nani afundishe kidato cha nne. Kama unalipa motisha, lipa kwa maendeleo, somo lilikuwa wapi mwaka jana na sasa liko wapi, na sehemu yake iende kwa idara nzima. Halafu ilipe. Shule zinazotangaza motisha Januari na kuanza kukwepa matokeo yakitoka zinajiumiza kuliko zile ambazo hazikuahidi kabisa.

Mkuu wa shule ndo HR wako

Shule ndogo haina ofisa rasilimali watu, kwa mwalimu, HR ni mkuu wa shule. Unaweza kuwa na ngazi nzuri ya mishahara na mkuu mmoja mwenye mdomo akaibomoa yote. Paredi ya asubuhi, wanafunzi 400 mstarini, mkuu anasema kwenye kipaza sauti "na nyie walimu mnaochelewa mjirekebishe, nawajua". Wanafunzi wanageuka kumwangalia yule aliyeingia getini sasa hivi. Huyo mwalimu anaingia darasani dakika tano baadaye, atawatulizaje?

Weka kanuni moja isiyovunjwa: mwalimu anarekebishwa faragha. Ukaguzi wa azimio la kazi (mpango wa mada zitakazofundishwa) na maandalio ya masomo ufanyike kwa siku zinazojulikana, na mkaguzi aandike angalau jambo moja linalomsaidia mwalimu kufundisha, sio mhuri tu. Tathmini ya mwaka nayo, mkuu akishamjaza mwalimu ile fomu wakae wote wawili, mwalimu aisome, aandike maoni yake, asaini akiwa anajua imeandikwa nini. Tathmini ya siri ndo inazaa fitina.

Na mmiliki, unapochagua mkuu usiangalie tu kwamba alifaulisha sana alikotoka. Uliza pia walimu wangapi walimkimbia huko.

Ajira za serikali

Tangazo likitoka kwenye Ajira Portal, mtandao wa serikali wa kuombea kazi, ofisi ya walimu nzima iko kwenye simu. Hilo hutalizuia na nakuomba usijaribu. Serikalini kuna uhakika wa kazi na pensheni, na mwalimu ana haki ya kuitaka. Kuna shule zinamfukuza mtu zikisikia kaomba, au zinamnyima ruhusa ya kwenda kwenye usaili. Matokeo yake watu wanadanganya, leo naumwa tumbo, kesho kuna msiba, na akipangiwa kituo anaondoka bila kuaga kwa sababu barua inampa siku chache za kuripoti.

Fanya kinyume chake. Sema kwenye kikao kwamba kuomba ni ruksa na siku ya usaili utapewa, ila ukiitwa tu niambie siku hiyohiyo. Hapo unapata wiki kadhaa za kutafuta mbadala badala ya siku moja. Kila somo la mtihani liwe na mwalimu wa pili anayejua silabasi imefikia wapi, na azimio la kazi likae shuleni. Kisheria mtu wa mshahara wa mwezi anatoa notisi ya siku 28, na aliyetendewa vizuri huwa anajitahidi kuitimiza, au anakuja Jumamosi kumalizia mada.

Na sio kweli kwamba wote wataondoka. Utafiti wa Mitchell na wenzake wa 2001 ulionyesha kinachomshikilia mtu sio kuridhika peke yake, ni nyuzi zinazomfunga na mahali: watu anaoelewana nao, jinsi kazi na mtaa vinavyomfaa, na vitu atakavyopoteza akiondoka. Punguzo la ada kwa watoto wa walimu ni uzi mkubwa mno, mzazi mwenye watoto wawili shuleni kwako kwa nusu ada anawaza mara mbili. Lakini lisimame pamoja na hayo mengine. Likiwa peke yake utamshika mwili, atabaki kwa ajili ya watoto wake huku moyo umeshaondoka, na watoto wa wenzake ndo watalipa hiyo gharama darasani.

Ongea naye kabla, na muage vizuri

Kila muhula mkuu akae na kila mwalimu dakika ishirini, sio kwa kosa lolote. "Madam, muhula huu nini kimekuchosha zaidi? Nini tukikibadilisha utafurahi kubaki na sisi mwakani? Kuna kitu niliahidi sijatimiza?" Anyamaze asikilize, aandike, asijitetee. Mwanzoni watasema "kila kitu kiko sawa mkuu". Muhula wa pili, wakiona yale madogo yalifanyiwa kazi, wataanza kusema, na hapo ndo utaanza kuijua shule yako.

Akiondoka, usimtoe kwenye grupu usiku huohuo bila neno. Mlipe siku alizofanya kazi, mlipe likizo aliyoidai, mpe cheti cha utumishi, ni haki yake kisheria na kwako ni karatasi moja tu. Kumzungusha miezi mitatu kwa laki mbili kunampeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na waliobaki wanafuatilia kesi hiyo kila siku kwa sababu wanajua siku moja na wao wataondoka. Muulize sababu, ila muulize baada ya kumlipa, akiwa hana cha kuogopa, na aulize mtu ambaye hakuwa bosi wake.

Baadhi watapiga simu baada ya mwaka, wanaomba kurudi. Kama alikuwa mwalimu mzuri na aliaga vizuri mpokee bila kinyongo, mpangie ngazi ileile aliyoiacha pamoja na uzoefu alioupata huko, halafu waambie waliobaki amerudi ngazi gani kabla hawajaanza kuulizana.